Barua ya Mwenzio ni Amana

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa siri na dhahiri, Mwenye kusitiri aibu za waja Wake usiku na mchana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake, Swahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, limezuka miongoni mwetu jambo linaloitwa daawa nalo si daawa. Wapo vijana, na kwa masikitiko wapo pia baadhi ya walinganiaji, waliojipa kazi ya kuchungua siri za watu. Simu ya kijana huchukuliwa kwa nguvu au kwa hila, hufunguliwa, husomwa, yaliyomo hupigwa picha, kisha husambazwa kwa watu ambao hawakuwa na habari wala haja. Akiulizwa mtendaji, husema: "Tunakataza maovu." Na jambo wanalolitafuta zaidi kuliko yote ni hili la mwanamume na mwanamume mwenziwe.

Kauli yetu katika waraka huu ni moja, na tunaitanguliza ili msomaji ajue tunakokwenda. Tunasema kuwa kazi hii ya kupekua siri haina asili katika Qur'ani wala katika Sunna wala katika mwendo wa wema waliotangulia. Ukiitafuta ilikofanywa kwa mpango, kwa maafisa na kwa majalada, utaikuta katika kambi za majeshi ya Waingereza na Wamarekani. Wanaodhani kuwa wanailinda dini kwa kazi hii wamevaa joho la askari mpelelezi wa Mzungu, wakalidhania kuwa ni kanzu ya Swahaba.

Kabla ya kuendelea, tufunge mlango mmoja. Hukumu ya dini juu ya tendo la watu wa Lut (A.S) inafahamika, na waraka huu haukuandikwa kuibadilisha wala kuirudia. Atakayesema kuwa tumehalalisha kilichoharamishwa atakuwa ametuzulia, na mbele ya Mola wetu tutasimama sote. Suala letu ni jingine. Mtu ambaye jambo lake liko baina yake na Mola wake, ana haki gani juu yetu? Na sisi mpaka wetu ni upi?

BARUA ZA OSWESTRY

Tuanze na mfano ulio mbali nasi, kwani mtu huona vizuri zaidi kosa likiwa katika nyumba ya mwingine.

Huko Uingereza, karibu na mpaka wa Wales, upo mji mdogo uitwao Oswestry. Wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kambi kubwa hapo, Park Hall, ambamo askari wa mizinga walipewa mafunzo. Mmoja katika askari wale alikuwa akipokea barua za mapenzi, na mwandishi wa barua hizo alitia saini kwa herufi moja tu. Barua zilikuwa zaidi ya 600. Askari yule alizihifadhi maisha yake yote, akafa mwaka 2008 akiwa mzee sana. Nyumba yake ilipoondolewa vitu, barua zikaingia sokoni, zikauzwa kwa wafanyabiashara wa barua za zamani za kijeshi, na hatimaye jumba la makumbusho la mji ule likazinunua kidogo kidogo. Waliozisoma mwanzo walidhani kuwa mwandishi ni mchumba wake wa kike. Baadaye ikabainika kuwa alikuwa mwanamume. Mwaka 2017 habari hiyo ilienea katika vyombo vya habari duniani.

Majina ya wawili hao yamekwisha kuchapishwa na kila mtu. Sisi hatuyaandiki, na msomaji akifika mwisho wa waraka huu ataijua sababu.

Jambo lililotusimamisha katika kisa hiki si mapenzi yao. Ni kwamba katika mojawapo ya barua zile, mwandishi alimwomba mwenziwe kwa msisitizo mkubwa aziangamize barua zake zote. Aliomba hivyo kwa sababu alijua nini kingewapata zikionekana. Katika Uingereza ya wakati ule, sheria ya mwaka 1885 ilimhukumu raia kifungo kwa jambo hilo hata likiwa ndani ya chumba kilichofungwa. Askari alipelekwa katika mahakama ya kijeshi, akafungwa, akaondoka jeshini kwa fedheha. Na askari aliyekuwa vitani hakuwa na barua ya siri, kwani ukaguzi wa barua ulikuwa ni kanuni. Hata askari wetu wa Afrika Mashariki, waliopelekwa na Mwingereza kupigana Burma, barua zao zilisomwa na wakaguzi kabla hazijafika kwa mama zao na wake zao.

Basi fikiri, ewe ndugu. Mtu yuko katika nchi inayodondoshewa mabomu. Hajui kama kesho ataamka. Na bado khofu yake kubwa si ndege ya adui inayopita juu ya kichwa chake, bali ni jicho la mtu wa upande wake linaloweza kuangukia karatasi. Je, jeshi hilo lilikuwa linapigana na nani?

JINSI MAJESHI YALIVYOPELELEZA

Tutataja mambo matatu yanayojulikana katika historia, ili ionekane upelelezi huu ulizaa matunda gani.

La kwanza ni la Newport, katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Mwaka 1919, Vita Kuu ya Kwanza vikiwa vimekwisha punde, wakubwa wa jeshi la majini walitaka kuwasaka mabaharia waliodhaniwa kuwa na tabia hiyo. Walifanya nini? Waliwachagua vijana wa jeshini, wakawatuma wajifanye ni wenzao, na wakawaruhusu kufika mpaka kwenye tendo lenyewe ili wapate ushahidi. Naibu Waziri wa jeshi la majini wakati huo alikuwa Franklin D. Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo baadaye. Mambo yalipofichuka, kamati ya Baraza la Seneti ililaani kazi hiyo mwaka 1921, na yeye akalaumiwa ndani ya ripoti yake. Angalieni! Walidai kuwa wanaondoa uchafu, wakawaingiza ndani yake vijana waliokuwa hawamo. Huu ndio mwisho wa kila mwenye kupeleleza: anaanza kwa kuitafuta aibu ya mwingine na anamaliza akiwa ameizalisha.

La pili ni la karatasi ya buluu. Katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilikuwa na namna ya kumwondoa askari ambayo haikuwa ya heshima wala ya fedheha, na iliandikwa juu ya karatasi ya buluu. Haikuhitaji mahakama. Haikuhitaji shahidi. Afisa akishuku, karatasi ikatolewa. Aliyeipata alirudi kwao bila ya kazi, kwani kila mwajiri aliijua maana ya rangi ile, na mwaka 1945 idara ya maveterani ikawanyima waliotolewa kwa tuhuma hii haki walizopewa askari kwa sheria ya mwaka 1944. Sasa sikilizeni hesabu. Tangu Desemba 1941 mpaka Juni 1945, jeshi la nchi kavu lilitoa karatasi za buluu 48,603. Katika hizo, 10,806 walipewa askari weusi. Weusi walikuwa kiasi cha asilimia 6.5 ya jeshi lile, lakini walipewa zaidi ya asilimia 22 ya karatasi. Si wote walituhumiwa kwa jambo moja. Karatasi ile ilikuwa kapu, kila asiyetakiwa akatupwa ndani yake. Gazeti la watu weusi, Pittsburgh Courier, ndilo lililosimama kuipinga, na mwaka 1947 ikafutwa.

Tunawaomba wasomaji waizingatie nukta hii sana. Mlango wa kuhukumu kwa shaka ukishafunguliwa, hauingii yule tu mliyemkusudia. Wanaingia masikini, mgeni, asiye na ukoo mkubwa, na yule aliyekosana na imamu. Fimbo ya tuhuma haichagui mgongo ila ule usio na mtetezi.

La tatu ni la Uingereza yenyewe. Mwaka 1967 sheria ya adhabu ililegezwa kwa raia wa England na Wales, lakini majeshi yakaachwa nje ya kulegezwa huko. Marufuku ya kuwaondoa askari ikaendelea mpaka Januari 2000, baada ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kutoa hukumu dhidi ya serikali hiyo Septemba 1999. Katika miaka hiyo yote polisi wa kijeshi walipekua makabati ya askari, wakachukua barua, shajara na picha, wakawahoji watu kwa saa nyingi juu ya mambo ambayo muungwana hayatamki. Askari waliopigana wakavuliwa nishani. Wengine walipoteza malipo yao ya uzeeni. Wengine walijiua. Mwezi Julai 2023 uchunguzi uliofanywa na jaji Lord Etherton ulichapishwa, na waziri mkuu wa wakati ule, Rishi Sunak, akaomba radhi bungeni kwa niaba ya dola. Desemba 2024 ikatangazwa fidia ya jumla ya paundi milioni 75.

Atasema msomaji: "Hayo ni ya makafiri, yanatuhusu nini?" Yanatuhusu kwa sababu ndiyo mnayoyaiga! Kupekua kabati la askari mwaka 1985 na kupekua simu ya mwanafunzi leo ni kitendo kimoja. Tofauti ni kuwa mpekuzi wa Kiingereza hakudai kuwa ametumwa na Mtume (S.A.W).

SHERIA YETU INASEMAJE

Mwenyezi Mungu (S.W) katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, amewakataza waumini wingi wa dhana, kisha akawakataza kupelelezana, kisha akawakataza kusengenyana. Wafasiri wamelitazama tartibu hili. Dhana ndiyo inayomsukuma mtu kupeleleza, na akishapeleleza hawezi kuuzuia ulimi wake, husengenya. Ni ngazi tatu za shimo moja. Wala aya haikusema kuwa mnakatazwa kuwapeleleza wema peke yao. Asiye na la kuficha haumizwi sana na mpelelezi. Katazo limekuja kumlinda hasa yule mwenye la kuficha.

Katika Sunna, amepokea Abu Daud kutoka kwa Abu Barza (R.A) kuwa Mtume (S.A.W) aliwaonya walioamini kwa ndimi na imani haijaingia nyoyoni mwao wasiwasengenye Waislamu wala wasizifuate aibu zao, kwani mwenye kuzifuata aibu zao, Mwenyezi Mungu ataifuata ya kwake mpaka amfedheheshe ndani ya nyumba yake. Na amepokea pia kutoka kwa Muawiya (R.A) kuwa mwenye kufuatilia aibu za watu huwaharibu, au hukaribia kuwaharibu. Irudieni habari ya Newport mkiwa na hadithi hii mkononi, muone jinsi maneno ya Mtume wetu yalivyosadikika hata kwa watu wasiomjua.

Swahaba waliifahamu hivyo na wakaitenda hivyo. Abdullahi bin Masud (R.A) aliletewa habari ya mtu ambaye, kwa madai ya waliomleta, ndevu zake zilikuwa zikidondoka pombe. Jawabu lake lilikuwa kwamba wao wamekatazwa kupeleleza, lakini likiwadhihirikia jambo watalichukulia hatua. Ameipokea Abu Daud pia. Mtu analetwa na ushahidi unadondoka kwenye ndevu, na mwanachuoni mkubwa wa Kufa anakataa kumnusa! Leo mtu hana ndevu zinazodondoka wala harufu, ana ujumbe tu ndani ya simu iliyofungwa kwa nenosiri, na mlinganiaji wetu anaivunja.

Na kuhusu barua khasa, ipo hadithi kwa Abu Daud inayomtisha kwa moto mwenye kuiangalia barua ya nduguye bila ya idhini yake. Wanazuoni wa hadithi wameutaja udhaifu katika sanadi yake, nasi hatujengi juu ya dhaifu. Hatuna haja nayo, kwani yaliyo sahihi yanatosha. Katika Bukhari na Muslim imekuja kuwa mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (S.A.W), naye Mtume akiwa na kitana cha chuma mkononi, akamwambia kuwa lau angejua kuwa anachungulia angelimchoma nacho jichoni, kwani kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya macho. Na simu leo ni nyumba. Ina mlango, ina ufunguo, na ndani yake mna mama wa mtu, mke wa mtu, ugonjwa wa mtu, deni la mtu na toba ya mtu.

Imekuja tena kwa Abu Daud na Tirmidhi, kutoka kwa Jabir (R.A), kuwa mtu akimsimulia mwenziwe jambo huku akigeuka kutazama nyuma yake, basi maneno hayo ni amana. Hakusema, "Niwekee siri." Kugeuka kwake tu kumetosha. Basi ikiwa mgeuko wa shingo unaifanya kauli kuwa amana, unasemaje juu ya barua iliyofungwa, ikatiwa herufi moja badala ya jina, na mwandishi wake akaomba iangamizwe? Hiyo ndiyo sababu hatukuandika majina ya watu wa Oswestry. Wao si wa dini yetu na hawatusomi, lakini amana ni amana. Kwa ajili hii ndiyo Mtume (S.A.W) alipohama Makka alimwacha Ali (R.A) azirejeshe amana za watu, nao walikuwa ni makafiri wa Kikureshi.

SHUBHA NA MAJIBU YAKE

Shubha ya kwanza. Wanasema: Mtume (S.A.W) mwenyewe aliamuru barua ikamatwe wakati wa vita. Wanakusudia kisa cha Hatib bin Abi Baltaa (R.A), kilichomo katika Bukhari na Muslim. Hatib aliwaandikia Makureshi kuwapa habari za safari ya Mtume kabla ya kufunguliwa Makka mwaka wa 8 Hijria, akampa mwanamke barua aipeleke. Mtume akawatuma Ali, Zubeir na Miqdad (R.A) wakamkuta mahali paitwapo Rawdat Khakh, na barua ikatolewa katika misuko ya nywele zake.

Jawabu: Kisa hiki ni hoja juu yao. Kwanza, barua ile ilibeba siri ya jeshi, na lau ingefika ingemwaga damu za maelfu. Haikuwa siri ya moyo wa mtu. Pili, Mtume hakuwapekua watu wote wa Madina ili aipate. Alikuwa na elimu ya yakini aliyopewa na Mola wake kuhusu barua moja, mchukuzi mmoja, mahali pamoja. Tatu, na hili ndilo wanaloliruka, barua ilipofunguliwa Mtume alimwita Hatib na kumuuliza kwanza sababu yake. Hatib akajieleza, udhuru wake ukakubaliwa. Umar (R.A) aliomba ruhusa ya kumuua, Mtume akamzuia na kumkumbusha kuwa yule alikuwa mtu wa Badri. Huyo ni mtu aliyeandika barua ya kuwasaidia maadui katika vita! Basi aliyeandika barua ya kumtamani mtu, mnamtangaza kabla hata ya kumuuliza?

Shubha ya pili. Wanasema: kukataza maovu ni faradhi, na mwenye kuona uovu auondoe kwa mkono wake.

Jawabu: Hadithi imesema "mwenye kuona", haikusema "mwenye kutafuta". Imamu al-Mawardi katika Al-Ahkam as-Sultaniyya, alipozungumzia kazi ya muhtasib, yaani msimamizi aliyewekwa rasmi na dola ya Kiislamu, alimkataza kuyapekua mambo ambayo hayajadhihirika, akabagua tu lile ambalo likipita halirekebishiki, kama vile mtu kutaka kuuawa. Ikiwa muhtasib mwenye mamlaka hana ruhusa hiyo, imeipata wapi kamati ya vijana watano waliokutana baada ya sala ya Isha?

Shubha ya tatu. Wanasema: tukinyamaza, uchafu utaenea.

Jawabu: Tazameni nani anayeueneza. Siri ilikuwa baina ya wawili, mmeifikisha kwa watu elfu mbili, wakiwemo watoto. Katika Suratun-Nur, aya ya 19, Mwenyezi Mungu ameahidi adhabu iumizayo, duniani na Akhera, kwa wanaopenda uchafu uenee kwa walioamini. Na sura hiyo hiyo imeteremka kwa sababu ya uzushi uliozuliwa juu ya Mama yetu Aisha (R.A), jeshi la Waislamu likirejea kutoka katika vita. Muda wa mwezi mzima watu walipokezana maneno kwa ndimi, wakidhani ni jambo jepesi, nalo kwa Mwenyezi Mungu lilikuwa kubwa. Aliyeituma picha kwa kidole kimoja asidhani kuwa kidole ni chepesi kuliko ulimi.

Kisha kumbukeni aya ya 4 ya sura hiyo. Anayewatuhumu wanawake waliohifadhika kwa zinaa, kisha asilete mashahidi wanne, huchapwa viboko 80, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Wanazuoni wamemjumuisha mwanamume katika ulinzi huo, na wengi wao wakaijumuisha humo tuhuma tunayoizungumza hapa. Sharti hilo la mashahidi wanne ni ukuta uliojengwa mbele ya heshima ya mwanadamu, na anayetaka kuuruka ajue kuwa upande wa pili anangojewa na viboko vyake mwenyewe.

HALI YETU LEO

Haya hatuyasemi kwa kukisia. Tumewahi kuletewa simu ya mwanafunzi wa madrasa, na walioileta walikuwa na furaha usoni. Hawakuwa na huzuni ya mtu aliyeona nduguye ameanguka. Furaha ile ilitutisha kuliko chochote ambacho kingeweza kuwemo ndani ya simu. Tulikataa kuitazama, tukaamuru irudishwe kwa mwenyewe ikiwa imefungwa. Kisha tukasikia kuwa yaliyomo yalikuwa yamekwisha kusambazwa, na kwamba kabla ya hapo kijana alikuwa akitozwa fedha kila wiki ili wanyamaze. Nani basi aliyekuwa mwovu katika kadhia ile? Kijana aliyekuwa na siri, au waliomfanya kuwa ng'ombe wa kukamuliwa, kisha maziwa yalipokauka wakamchinja kwa jina la dini?

Na hili nalo si jipya. Ile sheria ya Waingereza ya mwaka 1885 wao wenyewe waliipachika jina la kuwa ni hati ya watishaji, kwa wingi wa watu waliojitajirisha kwa kuwatisha wenziwao. Palipo na aibu na pana mpelelezi, patakuwa na mtozaji. Kijana yule hivi sasa haonekani msikitini. Waliomfukuza hawakumpeleka kwenye toba, walimpeleka mbali nayo. Mlango wa toba Mwenyezi Mungu hakuufunga, wao wamekaa kizingitini.

Mwezi Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule aliwataka wananchi wapeleke majina ya watu wanaowatuhumu, na maelfu ya ujumbe yakamiminika kwa siku chache. Serikali ikatangaza kuwa hayo yalikuwa maoni yake binafsi. Sisi hatuna la kuongeza juu ya mambo ya serikali. Tunawauliza Waislamu tu: katika wale walioandika majina, wangapi walikuwa na mashahidi wanne? Wangapi walikuwa na hata mmoja? Na kila aliyeandika jina bila ya shahidi, amejitayarisha vipi kwa siku ambayo mikono itasema na miguu itashuhudia?

NASAHA

Kwa walimu wenzetu: siri ya mwanafunzi iliyokufikia bila ya kuitafuta ni mtihani wako wewe kabla ya kuwa mtihani wake. Mtume (S.A.W) alimwambia Hazzal, aliyemhimiza Maiz akajitangaze, kuwa lau angemsitiri kwa nguo yake ingelikuwa bora kwake. Naseheni faraghani, kwa upole, kama mnavyopenda kunasihiwa nyinyi. Pakiwa na mtoto anayedhuriwa, hapo pana dhulma inayompata asiyeweza kujitetea, na kuiripoti kwa wazazi na kwa vyombo vya sheria ni wajibu. Msichanganye kumlinda mtoto na kupekua simu za watu wazima.

Kwa makhatibu: mimbari haikuwekwa kwa ajili ya kuamsha midomo. Msimtaje mtu, wala msimwashirie kwa namna ambayo kila mtu atamjua.

Kwa wazazi: mwanao akinyooshewa kidole, kuwa wa kwanza kumsimamia. Msimtupe mtoto kwa neno la mtu ambaye hata jina lake halimo chini ya ujumbe alioutuma.

Kwa vijana wenye simu: kilichokufikia kife kwako. Futa, usitume. Amepokea Muslim kuwa mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri duniani na Akhera. Na ni nani katika sisi anayeweza kusimama siku ile bila ya sitara?

Na kwa yule ndugu anayeusoma waraka huu naye ana siri yake, iwe hii au nyingine: msikiti ni nyumba ya Mola wako, haina mwenye hisa zaidi yako. Njoo uswali. Mola wako amekujua tangu mwanzo na hajakufedhehesha. Hana haja ya wasaidizi wa kukufedhehesha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri aibu zetu, azitulize khofu zetu, atutakase nyoyo kutokana na furaha ya kuuona mguu wa mwenzetu ukiteleza, na atujaalie kuwa funguo za kheri na kufuli za shari. Amin.

Wabillahi tawfiq.